Farishi la Asteria

Sindano ya kwanza ilipovunjika nilinyamaza. Sindano huvunjika, hilo si jambo la kuitia watu. Ya pili ilipokatika kesho yake, karibu na palepale ilipokatikia ya kwanza, Mama Nisha aliinuka kaunta, miwani ameipandisha kwenye nywele, akaja hadi kwenye mashine na kumwambia Loveness kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia.

"Ikivunjika nyingine unaondoka. Sitaki maelezo. Unachukua mkoba wako, unaondoka."

Loveness akasema, "Sawa, mama." Mikono yake ilikuwa bado imeshika vishikio vya mashine.

Niseme kwanza sisi ni nani, maana watu hupenda kusikiliza kesi bila kuwajua wenye kesi. Mama Nisha jina lake ni Anar. Duka la vitambaa pale Kalangalala, Geita mjini, lilikuwa la baba mkwe wake, sasa ni lake. Amezaliwa Shinyanga, na akigombana kwa Kisukuma hata mimi najifunza. Mimi ni Paskazia, Mama Davis kwa majirani, fundi mkuu wa chumba cha nyuma. Huo ukuu nilijipa mwenyewe na mpaka leo hakuna aliyekuja kuuchukua. Loveness ndiye mwenzangu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa kwenye makarasha, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa, kazi yake kuosha mchanga kwa zebaki, mikono mitupu. Alipojifungua, walimwambia kliniki achague: zebaki au kunyonyesha. Akachagua mtoto, akaja kubisha hodi dukani. Akifukuzwa hapa hana pengine isipokuwa kulekule kwenye zebaki, na mtoto bado ananyonya. Mama Nisha alilijua hilo, nami nililijua. Ndiyo maana ule mkwara wake haukunifurahisha hata kidogo.

Mashine yenyewe si cherehani mliyoizoea. Tunaiita ya mkono mrefu. Kwenye cherehani unasukuma kitambaa chini ya sindano; hapa kitambaa kimelala, kimevutwa kwenye fremu ndefu kuliko kitanda chochote mlichonacho nyumbani, na mashine ndiyo inayotembea juu ya reli. Wewe umeshika vishikio, unaizungusha upendavyo: maua, mawimbi, hata majina. Tunashonea mafarishi, yale matandiko mazito yenye kitambaa juu, kitambaa chini na pamba katikati. Siku hizi wenye hela za dhahabu hawaoi wala hawaozi bila farishi.

Hilo lililokuwa kwenye fremu lilikuwa la Asteria, binti wa Mzee Mabula wa Msalala. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi. Baba mtu alisema binti yake hatalalia pamba ya dukani, atalalia ya shamba lake, na hapo nilimpenda mzee hata kabla sijamwona. Pamba ililetwa na Shangazi Kabula, dada wa mzee huyo. Mbegu zilikuwa zimeshachambuliwa kwa mkono, pamba imetandazwa vizuri na kufungiwa ndani ya kitambaa chepesi, mshono wa karibu karibu pande zote nne. Akatoa na sharti. Pamba ya bibi harusi wa ukoo wao haishikwi na mkono wa mtu wa nje mpaka bibi harusi mwenyewe ailalie. Tushone juu yake tutakavyo, tusiifungue.

Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa na mwiko huo sikuwahi kuusikia. Lakini kila ukoo una mambo yake. Tukaitandaza hivyo hivyo ikiwa ndani ya mfuko wake, tukaweka kitambaa cha juu, tukaanza.

Sasa, mtu akikwambia mashine inavunja sindano, usikimbilie kumtukana mtu. Anza na sindano yenyewe. Mama Nisha alikuwa ameshaamua kwamba Loveness ameiweka upande, na si kwamba alitunga. Kwenye cherehani za kukanyaga unatia uzi kutoka ubavuni, kwa hiyo sindano unaigeuza ubavu. Hii ya mkono mrefu uzi unaingilia mbele na kutokea nyuma, na ule upande wa sindano uliobonyea lazima utazame nyuma, huko inakozunguka ndoano inayokuja kuudaka uzi. Ukiweka kwa mazoea ya cherehani, ndoano inaukosa uzi, mishono inaruka, na mwisho chuma kinagonga chuma. Wiki yake ya kwanza Loveness alifanya hivyo. Nilimpa vidonge vyake siku hiyo, akavimeza, hakurudia.

Nikamulika kwa tochi ya simu. Sindano ilikuwa imekaa sawa, imepanda mpaka juu, skrubu imekazwa. Nikatoa nyingine mpya kwenye pakiti, nikaiviringisha juu ya kioo cha meza nione kama imepinda. Haikupinda. Nikaamua kuweka nene zaidi, maana farishi lilikuwa zito.

"Mama Davis," Loveness akaniambia polepole, "mimi niliiweka sawa. Naapa."

"Nimeona. Nyamaza nifanye kazi."

Nilikuwa mkali, ndiyo, lakini nikiwa nachunguza mashine sitaki viapo. Nikaingia kwenye bobini. Uzi wa chini ukivutwa kwa nguvu mno, au ukiachiwa mno, wa juu unateseka mpaka unachanika. Unatoa kile kikopo cha bobini, unakining'iniza kwa uzi wake mwenyewe, unatikisa mkono kidogo. Kikishuka chenyewe kwa kishindo, kimelegea. Kikigoma kabisa, kimebana. Kikopo chetu kikashuka kidogo, kikasimama, nikatikisa, kikashuka kidogo tena. Safi. Nikatazama bobini yenyewe: uzi umejazwa sawasawa, haukupanda upande mmoja. Loveness anajaza bobini vizuri kuliko mimi, na hilo sijawahi kumwambia, maana akishajua atanidharau.

Uzi wa juu nikaubadilisha, nikaweka koni mpya. Nikafuata njia yake yote, tundu baada ya tundu, hakuna nilipokuta umejizungusha. Ikabaki ndoano. Nikapitisha ukucha kwenye ncha yake. Loo! Ilikuwa imekwaruzika. Nikailainisha kwa msasa mwembamba, nikachukua brashi kufuta ndani, na brashi ikatoka na kitu. Nilidhani ni manyoya ya pamba, ya kawaida. Nilipokisugua kati ya vidole kikakwaruza.

Nikapangusa mara ya pili, nikakusanya kwenye kisosi. Mchanga. Mweupe mweupe, umelowa mafuta ya mashine.

Mtu wa Geita akiona vumbi hashangai. Barabara ile malori yanapita kutwa, na mlango wa Mama Nisha uko wazi kwa sababu ya wateja. Lakini vumbi letu ni jekundu, linaingia mpaka kwenye unga wa ugali, nalijua. Hili lilikuwa jeupe. Kisosi nikakiweka dirishani, nikatia mafuta mapya, nikachukua mabaki ya kitambaa na pamba ya dukani, nikamwambia Loveness ashone majaribio pembeni.

Akashona. Mashine ikaimba, nakwambieni. Mishono juu mizuri, chini mizuri, hakuna kitanzi wala uzi uliochanika. Akazungusha maua, akazungusha mengine, akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu ile sindano ya kwanza.

"Imepona!" akasema.

"Haikuwa mgonjwa," nikamjibu, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kujua ugonjwa uko wapi. Nikamwondoa kwenye vishikio, nikashika mwenyewe. Sikutaka ya tatu, kama ipo, ivunjikie mikononi mwake. Nikaileta mashine juu ya farishi la Asteria, nikashona taratibu kuelekea kona ileile. Ikaenda vizuri kidogo. Kisha nikasikia chini, krrr, kama mtu anatafuna wali wenye mawe, uzi wa juu ukachanika, na kabla sijaachia swichi, ta! Kipande cha sindano kikaruka kikagonga ukuta.

Mama Nisha alisikia kutoka kaunta. Alikuja mbio.

"Mikono ilikuwa yangu," nikamwambia kabla hajafungua mdomo. "Nimevunja mimi. Nifukuze mimi."

"Usinichezee, Paskazia. Mashine ameiharibu yeye tangu jana. Wewe umeikuta imeshaharibika."

"Imeshona vizuri sasa hivi kwenye mabaki. Njoo uone."

"Mabaki hayaendi kwenye sendofu!"

Na hapo, kama waliokuwa wakisubiri mlangoni, wakaingia wenyewe. Mzee Mabula mbele, kofia ya kitambaa kichwani, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Shangazi Kabula nyuma yake. Asteria mwisho, mikono imeshaanza kupakwa hina, anatabasamu. Walikuwa wamekuja mjini kwa mambo ya ukumbi, wakaona wapitie kulitazama farishi.

"Mwangaluka," shangazi akatusalimu.

"Mwangaluka, mayu."

Loveness akawaamkia shikamoo. Asteria akainamia fremu, akaanza kusifia maua. Shangazi yeye hakutazama maua. Alitazama sindano iliyokatika.

"Nani anashona hapa?"

Mama Nisha akanyoosha kidole kwa Loveness. Sikupenda, lakini ndivyo alivyofanya.

"Huyu? Huyu si alikuwa makarasha? Mimi nimemwona huko, nilikuwa napeleka mihogo." Shangazi akamsogelea, akamshusha macho toka kichwani hadi miguuni. "Binti, siku zako zikoje? Umeingia?"

Kwa asiyeijua hiyo, machimboni mwanamke aliye kwenye siku zake hasogei karibu na shimo. Wanasema dhahabu inakimbia. Wengine hawataki hata mwanamke aliyepita tu. Ni maneno ya wanaume wanaokosa dhahabu na hawataki kujilaumu. Lakini kumuuliza mtu swali kama hilo mbele ya wateja, mwenye kitambaa na anayepima shati wote wamenyamaza wanasikiliza! Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

 Loveness aliinamisha kichwa.

"Mkosi," shangazi akamwambia kaka yake. "Si unaona? Mkosi wa shimoni umeingia kwenye kitanda cha mtoto wetu."

Mama Nisha hana imani na mikosi, ana imani na wateja. Akasema, "Loveness. Chukua mkoba wako."

Loveness akaenda kwenye msumari, akauchukua. Akatoka na kusimama mlangoni, hajui aende au asubiri aambiwe mara ya pili.

Hapo ndipo nilipowatolea uvivu. Nikachukua kile kisosi dirishani, nikakiweka juu ya meza mbele ya Mzee Mabula.

"Baba, shikamoo. Mimi ndiye fundi hapa. Sindano ya mwisho nimevunja mimi, na siku zangu zilishakoma kitambo, shangazi asijisumbue kuniuliza. Mchanga huu nimeutoa kwenye mashine. Ikishona pamba nyingine haina neno. Ikishona hii yenu, inatafuna mawe. Naomba tufungue kona moja."

"Thubutu!" shangazi akasema.

Mzee Mabula hakukitazama kisosi sana. "Hilo ni vumbi la Geita," akasema. "Malori haya. Pamba yangu ni daraja la kwanza, mama. Mimi ni mwenyekiti wa ushirika kijijini. Msimu wa kununua nakaa mzanini mwenyewe, natia mkono ndani ya gunia mpaka kwapani. Nikikuta maji narudisha. Nikikuta mchanga narudisha, na mwenye gunia namfuta uanachama. Pamba chafu naijua."

Ukulima wa pamba wote tunaujua. Watu walikuwa wakitia mchanga kwenye magunia ili yawe mazito, toka enzi za babu zetu, na wengine hawajaacha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakamata. Ukimtazama unamwamini. Mama Nisha alimwamini. Hata mimi nilianza kujiuliza kama labda shangazi aliitandaza pamba uani kwenye udongo.

Aliyefuata ni Asteria. Alikuwa ametazama kisosi, akatazama mlangoni kwa Loveness, tabasamu limemtoka.

"Shangazi, mimi ni wa ukoo au si wa ukoo?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu."

"Wewe ndiye mwenye pamba, mama."

"Basi." Akachukua mkasi wangu mezani bila kuniomba, na mimi mkasi wangu huwa siachii mtu. Tukalegeza fremu. Akafumua mshono kwenye kona, akaingiza mkono wenye hina, akavuta fumba la pamba. Akalitikisa juu ya kioo cha meza.

Tulisikia kabla hatujaona. Ulidondoka ukilia juu ya kioo, mchanga mweupe, na changarawe moja ndogo ikaruka mpaka sakafuni. Akavuta fumba lingine, kutoka ndani zaidi. Ukadondoka tena.

"Katia huyu!" shangazi akageuka mlangoni. "Mchanga si ndiyo kazi yake?"

"Kapitishia wapi, shangazi?" nikamuuliza. "Mshono ni wako. Asteria kaufumua sasa hivi mbele yako. Ulikuwa umekatwa?"

Shangazi akauangalia mshono wake. Aliurudia kwa kidole, upande mmoja wote, kisha upande wa pili. Akatikisa kichwa, haukukatwa. Ninachomheshimu ni kwamba hakudanganya.

Tukabaki tunamtazama Mzee Mabula. Mama Nisha naye akamtazama, miwani sasa ameishusha machoni. Mzee alikuwa amechukua mchanga kidogo kwa vidole viwili, anausugua. Angeweza kusema chochote. Angesema amehujumiwa, angesema ni watoto walichezea magunia, na Mama Nisha angepokea, na Loveness angeteremka ngazi za mlangoni na mkoba wake, na Jumatatu angekuwa amechovya mikono kwenye zebaki.  Mimi nilikuwa namwambia Mungu kimoyomoyo, huyu mzee aseme, huyu mzee aseme.

"Huu ni wa mtoni kwetu," akasema. "Nauchota mimi."

"Baba?" Asteria akasema.

"Binti huyo hana kosa. Hana mkosi. Mchanga nimetia mimi."

Shangazi Kabula alishika ukingo wa fremu. Mume wake, nilikuja kujua palepale, anaitwa Jilala.

"Kaka," akasema, na sauti ilikuwa ya chini kuliko muda wote aliokuwepo pale. "Jilala ulimfuta. Ulimwaga gunia lake chini, kijiji kizima kinaangalia. Tangu siku hiyo haendi kilabuni, haendi kanisani. Kwa mchanga wa mto huo huo."

"Jilala alitia kusudi."

"Na wewe?"

Mzee akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyeupe kuliko ile pamba.

"Gunia la pamba hii nililijaza mwenyewe, halikuwa la mzanini. Nilijua ni la mtoto. Nilichagua pamba moja moja, nikashindilia, nikafunga." Akaigeuza mikono yake, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Sikumbuki kuutia, Kabula. Haki ya Mungu, sikumbuki. Miaka yote hii usiku natia kwenye yangu ya mzani, mchana narudisha ya wenzangu. Mikono imetia yenyewe."

Asteria aliweka mkasi mezani.  Alikaa tu na lile fumba la pamba kwenye kiganja, mchanga unaendelea kudondoka kidogo kidogo kila akipumua.

Mama Nisha alikohoa. Ni mtu ambaye hajui kuomba radhi, naamini hakufundishwa. Akasema kwa haraka haraka, "Loveness, haya, rudisha mkoba. Njoo utie uzi. Pamba tutaikung'uta, kesho tunamaliza. Njoo, njoo."

Loveness hakuja. Nilidhani amekasirika, na nikasema moyoni, hapo sasa, mpe na yeye vidonge vyake. Nikamfuata mlangoni.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameukumbatia mkoba.

"Mama Davis," akaniambia, "mimi nilishaamini. Tangu jana naamini ni mkono wangu. Usiku nilimwondoa mtoto kwenye ziwa, nikampa uji, nikasema nisije nikampa na yeye mkosi."

Akakaa chini palepale kizingitini, wateja wanampita, akalia kwa sauti. Maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi yake. Nikamwambia aende nyumbani akamnyonyeshe mtoto, mashine itasubiri.